Uzi: Betri za sola ndani ya tela la kulala, hewa iingie wapi na itoke wapi?

#1 TelaDogo (Paje)

Assalaam alaykum wakubwa. Naomba ushauri kabla mbao hazijafungwa.

Tela ni la mbao, nje bati. Ndani lina urefu wa mita 2.4, upana 1.5, kimo 1.1, watalala watu wawili. Betri ni mbili za maji, kila moja volti 12 Ah (ampea-saa) 100, zimeunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na zimepangiwa kukaa chini ya kitanda upande wa kichwani. Paneli ya wati 300 juu ya paa, kontrola (kidhibiti cha chaji) ya ampea 30, inveta ya wati 1000. Nyuma kuna jiko la gesi la vichwa viwili na mtungi wa kilo 6.

Fundi mmoja anasema madirisha mawili yanatosha. Mwengine anasema sanduku la betri lizibwe pande zote ili harufu isitoke. Nimfuate yupi? Tela litakwenda Kizimkazi na Nungwi, na Pemba kwa feri.

#2 FundiWaya_Mlandege

Wa alaykum salaam. Wa madirisha kakosea. Wa kuziba ndiye atakayekuulia watu.

Betri ya maji ikishajaa, umeme unaozidi kazi yake ni moja tu: kuyapasua maji yaliyomo kuwa haidrojeni na oksijeni. Kila Ah moja inayozidi katika betri ya volti 12 hutoa kiasi cha lita 2.5 za haidrojeni. Paneli yako jua la kaskazi likiwaka inaweza kusukuma karibu ampea 20. Tuseme kontrola imepangwa vibaya, na ampea 5 tu zinaendelea kuingia betri zikiwa zimejaa. Hizo ni lita 12 na nusu kila saa.

Haidrojeni huanza kushika moto ikifika asilimia 4 ya hewa, na haiachi kushika mpaka ipite asilimia 75. Sasa piga hesabu. Tela lako lina hewa kama lita 4,000. Asilimia 4 ni lita 160, yaani zaidi ya saa kumi na mbili kulijaza tela zima. Watu wengi huishia hapo wakasema hakuna neno. Lakini ndani ya sanduku, betri zikishakaa, hewa iliyobaki ni kama lita 25. Asilimia 4 ya hiyo ni lita moja. Dakika tano tu! Na humo ndimo kwenye vichwa vya betri, nati iliyolegea na waya unaocheza tela likipita kwenye mashimo. Cheche inayotosha kuiwasha haidrojeni ni ndogo kuliko ile inayokuchoma kidoleni ukivua shati la nailoni.

Tena haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, hukimbilia juu. Dirisha liko ubavuni, gesi iko chini ya mfuniko wa kitanda. Hazikutani.

Kwa hiyo sanduku liwe na hewa yake peke yake, iingie kutoka nje na itokee nje, na upande wa ndani wanakolala watu lisivuje hata kidogo.

#3 MzeeWaBetri (Chake Chake)

Nimuunge mkono Fundi kisha nitoe vipimo, maana "weka tundu" si kipimo.

Kiwango cha IEC 62485-2 kimeandikwa kwa betri za mahali pamoja, lakini hesabu yake inafaa hapa. Mita za ujazo za hewa kwa saa = 0.05 × idadi ya seli (betri ya volti 12 ina 6) × mA (miliampea) za gesi kwa kila Ah × Ah za betri ÷ 1000. Betri ya maji inapochajiwa kwa volti za juu huhesabiwa mA 20 kwa kila Ah. Ya AGM au jeli, zile zilizozibwa zisizoongezwa maji, huhesabiwa 8. Zako: 0.05 × 6 × 20 × 200 ÷ 1000 = 1.2. Kama unategemea hewa ipite yenyewe bila feni, zidisha kwa 28 upate ukubwa wa tundu: sentimita za mraba 33.6. Hiyo ni kwa tundu la kuingilia, na nyengine kama hiyo kwa la kutokea. Watu hutoboa moja wakaridhika, na tundu moja halipitishi hewa.

Paipu ya PVC ya inchi 2 haifai. Ndani ina kama mm 46, ambayo ni sm za mraba 16.6, nusu ya kinachotakiwa. Chukua ya inchi 3 ya maji machafu. Hata ndani ikiwa mm 70 unapata 38. Ukiweka wavu wa mbu mdomoni, jua wavu wenyewe unakula nafasi, kwa hiyo panua mdomo uwe karibu mara mbili ya paipu. Na wavu uweke: nyigu wakiona tundu kavu hawangoji mwaliko.

Ujenzi wenyewe uwe hivi. Sanduku la plaiwudi ya mm 12, ndani pakwa rangi ya epoksi mara mbili, kisha trei ya plastiki yenye kina cha sm 10 ya kushika asidi ikimwagika. Tundu la kuingilia liwe upande mmoja, juu kidogo ya ukingo wa trei; likiwa chini ya ukingo, asidi itatokea hapo hapo. La kutokea liwe upande wa pili, juu kabisa, limeshikana na mfuniko. Mfuniko uuinamishe uwe unapanda kama sm 3 kuelekea kwenye tundu la juu, gesi isipate kona ya kukaa. Paipu ipande au iende sawa mpaka nje, isishuke popote. Wengine humalizia kwa kona inayotazama chini ili mvua isiingie, na gesi inabaki imenasa kwenye mgongo wa ile kona. Tumia kofia ya paipu. Mdomo wa nje usiwe chini ya dirisha.

Upande wa kitanda, mfuniko ukae juu ya mpira wa sponji na ubanwe kwa komeo mbili. Waya zipite kwenye vipitishio vya mpira, silikoni pembeni. Kontrola, inveta, swichi, fyuzi na soketi zote zikae nje ya sanduku.

Ukitaka kuongeza feni, weka ile ndogo ya kompyuta ya volti 12 kwenye tundu la chini, isukume hewa kuingia. Usiiweke juu ikanyonya, gesi ikapita kwenye mota. Ila ukisukuma, presha ya ndani inapanda kidogo na kila ufa wa mfuniko utatoa gesi kwenye kitanda, kwa hiyo ule mpira uwe mzima.

#4 Mtambuka

Yakhe mnatisha watu. Magari yote ya mji huu yana betri ya maji na hatujasikia bomu. Huyu muacheni alale.

#5 FundiWaya_Mlandege

Betri ya gari iko chini ya boneti, chini kumeachwa wazi mpaka barabarani. Hakuna anayelala juu yake. Na magari ambayo betri yake iko ndani ya buti au chini ya kiti hutoka kiwandani na kimrija cha kutoa gesi nje. Angalia betri zako, TelaDogo: nyengine zina tundu dogo pembeni karibu na mfuniko, pande mbili. Tundu moja lizibwe kwa kizibo chake, la pili livishwe mrija uende nje. Likiwepo litumie, lakini hilo halikuondolei haja ya paipu mbili, maana betri ya zamani huvuja kwenye vifuniko vya maji vilevile.

#6 TelaDogo

Ahsanteni sana. Mzee, na nikiuza hizi nikanunua lithiamu? Dukani wameniambia lithiamu haitoi gesi, naweza kuilalia.

#7 BintiMichamvi

Dukani wamekupa nusu ya maneno.

Kwanza tujue lithiamu ipi. Inayouzwa kwa sola kwa kawaida ni lithiamu chuma fosfeti, imeandikwa LiFePO4. Hii ndiyo tulivu. Ikifanya kazi sawasawa haitoi gesi, kwa hiyo hesabu ya Mzee haiihusu. Uzito nao unapungua: Ah 100 ya lithiamu ni kilo 11 au 12 hivi, ya maji hukaribia kilo 30. Na kwa kuwa ya maji haitakiwi kutumiwa chini ya nusu, Ah 100 moja ya lithiamu inakaribia kufanya kazi ya zako zote mbili.

Nusu ya pili ni hii. Seli ya lithiamu ikipasuka, ikizidishwa chaji au ikipata shoti ya ndani, hutoa wingu jeupe. Watu huliita moshi, lakini mna haidrojeni, monoksidi ya kaboni, mvuke wa dawa ya seli na floridi ya haidrojeni, ambayo inaunguza mapafu. Wingu hilo linaweza kutoka bila moto, likajaa chumbani, kisha likakutana na cheche. Tela la mita za ujazo nne halina nafasi ya kitu kama hicho. Hata lithiamu, kwa hiyo, ikae kwenye sanduku lililozibwa upande wa ndani na lenye njia ya kwenda nje. Usizibe zile paipu.

Na zile pakiti zinazotolewa kwenye pikipiki au skuta za umeme zilizokufa, zikauzwa kwa bei ya nusu? Mara nyingi ni za nikeli manganizi kobalti. Zinafika kwenye joto la kujichoma zenyewe mapema kuliko fosfeti, na hujui zimepigwa mara ngapi. Chini ya kitanda, hapana.

La mwisho ni joto. Lithiamu nyingi haziruhusiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45. Tela lililofungwa juani saa sita mchana pwani linafika huko bila taabu. Nunua yenye BMS (saketi ya ndani inayoilinda betri) inayosoma joto na kukata chaji, na usiipandishe karibu na paa.

#8 Mtambuka

Haya, nimenyamaza. Swali la kweli sasa: kontrola ya lithiamu na ya maji si ni moja tu?

#9 BintiMichamvi

Boksi moja, mpangilio tofauti. Lithiamu: volti 14.2 mpaka 14.4 za kujaza, 13.5 za kushikilia, zima kile kipengele cha kusawazisha, zima na fidia ya joto. Ukiiacha kwenye mpangilio wa betri ya maji, kila baada ya muda kontrola itapandisha volti kupita 15 kusawazisha seli, na BMS itakata ghafla paneli ikiwa inasukuma. Kontrola za bei rahisi zinakufa hapo.

#10 MzeeWaBetri (Chake Chake)

Na kwa betri za maji fidia ya joto ni ya lazima kwetu. Nieleze, maana hapa ndipo gesi nyingi inapotoka bila mtu kujua.

Zile volti 14.4 zilizoandikwa kwenye betri ni za nyuzi 25. Betri ikiwa ya moto zaidi inataka volti kidogo: punguza kama mV (milivolti) 4 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja, ambayo kwa betri ya volti 12 ni mV 24. Chini ya kitanda wakati wa kaskazi betri hufika nyuzi 40 kirahisi. Nyuzi 15 za ziada mara 24 ni volti 0.36. Kwa hiyo kikomo chako halisi ni volti 14.04. Ukiacha 14.4, betri inachemka kila mchana, maji yanapungua, joto linapanda, nalo joto likipanda betri inavuta umeme zaidi. Huo mduara ukianza haukatiki wenyewe.

Kontrola yenye waya wa kihisi joto ndiyo ya kununua, na kihisi kigundishwe ubavuni mwa betri. Ile inayosoma joto lake yenyewe, ikiwa imetundikwa kwenye ukuta wa kivuli, itadhani betri nayo iko kivulini. Kama huna kihisi, teremsha mwenyewe mpaka 14.1 miezi ya joto.

Dalili za kuangalia: betri moja inakunywa maji kuliko mwenziwe, ubavu umevimba, au harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni salfidi ya haidrojeni, sumu, na ikizidi huua pua, unadhani imeondoka kumbe umeacha kuisikia. Betri iliyofika hapo haitengenezwi. Itoke.

#11 Nahodha_Mkoani

Ami TelaDogo, umetaja mtungi wa gesi, wote mmeupita.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka. Haidrojeni inapanda. Kwa hiyo tundu la juu halikusaidii kwa mtungi, na tundu la sakafuni halikusaidii kwa betri. Mtungi ukae nje, kwenye ulimi wa tela, umesimama na umefungwa mkanda, upande wa mbali na paipu za betri. Usiuweke sanduku moja na betri hata kwa safari fupi: valvu ikivuja, gesi inakaa chini ikingoja cheche ya kichwa cha betri. Ndani, chini ya jiko, toboa tundu la sakafuni la kutokea nje, lisifunikwe na zulia. Unapopika, fungua dirisha na kidirisha cha paa. Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo.

Nunua kengele ya monoksidi ya kaboni. Ijue tabia yake: nyingi zinasoma na haidrojeni vilevile. Ikilia jiko limezimwa na betri ziko kwenye chaji, usiseme imeharibika. Watu watoke, milango ifunguliwe, paneli ikatwe kwa swichi ya nje au ifunikwe kwa turubai. Usikimbilie kufungua vichwa vya betri, cheche itatokea hapo hapo kwenye gesi. Acha hewa ipite nusu saa, ndipo upime volti.

#12 FundiWaya_Mlandege

Nahodha kasema kweli. Sasa waya, maana moto mwingi wa tela hautokani na gesi, unatokana na nati.

Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi yote inavuta karibu ampea 98 kwenye volti 12. Weka waya wa mm za mraba 35, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya DC (umeme wa betri) ya ampea 125. Kila betri iwe na fyuzi yake upande wa chanya, ndani ya sm 18 kutoka kichwani. Mtauliza, si tumesema fyuzi zisikae ndani ya sanduku? Ipo aina iliyofungwa kabisa inayokaa juu ya kichwa cha betri chenyewe, na imetengenezwa isitoe cheche nje. Hiyo inaruhusiwa. Ukikosa, pitisha waya mara moja nje ya sanduku na fyuzi iwe pale pale. Breka za nyumbani za AC (umeme wa ukutani) usitumie: umeme wa DC hauzimiki kati ya meno yake, unaendelea kuwaka ndani ya breka.

Betri mbili sambamba: chanya ya kwenda kwenye inveta itoke betri ya kwanza, hasi itoke ya pili. Ukichukua zote kwenye moja, hiyo moja itafanya kazi zaidi na kufa mapema.

Chumvi ndiyo adui wetu mkubwa. Kiungo kilichooza kikafika miliomu 10, ampea 100 zikipita, kinatoa wati 100 za joto kwenye nati moja iliyozungukwa na plaiwudi. Nunua waya wa shaba uliopakwa bati, lagi (vishikio vya ncha za waya) zikabwe kwa koleo lake na si kwa nyundo, juu zivishwe mpira wa kusinyaa kwa moto. Washa (pete bapa) ya chuma cha pua isiingie kati ya lagi na kichwa cha betri. Mahali pake ni juu ya lagi, chini ya nati. Kaza kwanza, vaselini baadaye.

Kipimo chake ni rahisi: chomeka pasi kwenye inveta, weka multimita kwenye mV, ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha betri, ya pili kwenye lagi. Kiungo kizuri kinasoma mV chache tu. Kikipita 50 kifungue, kisugue, ukabe upya.

#13 TelaDogo

Mashaallah. Nimeamua kubaki na za maji kwa sasa. Mawili yamebaki: kwenye feri nifanye nini, na paipu zielekee wapi nikikumbuka mvua za masika na upepo wa kusi?

#14 Nahodha_Mkoani

Kabla ya kupanda feri: kata paneli, kata swichi kuu, funga valvu ya mtungi. Waambie wapangaji wa mizigo tela lina betri na gesi, na usikubali magunia yaegemee paipu zako. Betri zibanwe kwa mikanda miwili juu na mbao pembeni. Ukizisukuma kwa mkono zisicheze hata sentimita mbili, maana mawimbi ya mkondo wa Pemba yatazisukuma kuliko wewe.

Maji ya betri ongeza baada ya kuchaji, si kabla, kwa kuwa yakipata moto yanapanda na kumwagika. Kama bati za ndani ya betri zimeonekana juu, ongeza kidogo zifunike tu, chaji, kisha malizia mm 10 hadi 15 juu ya bati. Yawe yale maji ya betri (yaliyotoneshwa) ya kununua dukani. Ya kisima chetu yana chokaa na chumvi, yanaua bati. Asidi ikimwagika, mwagia magadi mpaka iache kutoa povu, kisha maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji dakika 20 ndipo uende hospitali.

#15 MzeeWaBetri (Chake Chake)

Paipu zote mbili zitokee ubavu mmoja wa tela, la chini na la juu. Zikiwa mbavu tofauti, upepo wa kusi ukivuma kwenye la juu utairudisha gesi ndani. Ukiegesha, ubavu huo uuelekeze kwenye kivuli cha upepo.

Halafu jaribu kabla ya kuweka betri, sanduku likiwa tupu. Narudia, tupu. Funga mfuniko na komeo zake, mtu ashike chetezo chenye ubani nje kwenye tundu la chini, mwengine alale kitandani milango imefungwa. Moshi uonekane kwenye tundu la juu. Wa kitandani akisikia ubani, mpira wa mfuniko unavuja. Tafuta ufa kwa tochi ukiwa umeimulika kutoka ndani ya sanduku usiku.